Embe Gani? Ziara ya Makueni na Kitui

Wengi wetu tuishio mjini tunapolisikia jina la Ukambani, huona vumbi, mito ya mchanga na akina mama wanaotafuta maji. Picha hiyo si ya uongo, lakini haijakamilika. Funga safari mwezi wa Januari, uiache barabara kuu ya Mombasa pale Kyumvi, upite Machakos na kuteremka hadi Wote. Utaiona miembe imeinamisha matawi kwa uzito wa matunda.

Huku hakuna mtu anayesema "embe" akanyamaza. Utaulizwa: embe gani?

Ngowe ni mtoto wa Pwani. Ni embe refu, lenye ncha iliyopinda, na nyama yake ya rangi ya machungwa haiachi nyuzi menoni. Apple ni la mviringo, lina mashavu mekundu na maji tele. Ndilo kipenzi cha wanunuzi wa mjini. Tommy Atkins na Kent asili yao ni Florida, Marekani. Tommy ana ngozi ngumu, huvumilia safari na kukaa siku nyingi, ingawa utamu wake haumfikii Apple. Kent ni kubwa na laini, nalo huchelewa kuiva, hivyo humpa mkulima cha kuuza wenzake wanapomaliza.

Na lile embe la kienyeji, dogo na lenye nyuzi? Usilidharau. Kokwa lake ndilo hupandwa kwanza, kwa kuwa mizizi yake hustahimili ukame. Mche ukikomaa, hukatwa na kupandikizwa kijiti cha Apple au Kent. Hata mwembe mzee waweza kukatwa, machipukizi yake yakapandikizwa aina mpya.

Ajabu ni kwamba ukavu tunaousikitikia ndio unaoufaa mti huu. Kiangazi cha katikati ya mwaka huupumzisha, kisha ukatoa maua. Mvua ikinyesha juu ya maua hayo, huleta ukungu na maua hupukutika.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mkulima wa maembe akivumilia sana hula hasara! Matunda huiva karibu kwa wakati mmoja, na dalali hufika na lori huku akijua kwamba embe halingoji. Mwenye karo ya kulipa Januari hiyo hiyo hana nguvu ya kubishania bei.

Adui mwingine ni nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa nchini mwaka wa 2003. Hutaga mayai ndani ya embe, nje likaonekana zima kumbe ndani limeoza. Kwa sababu yake Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe Ulaya mwaka wa 2014, na njia hiyo ikafunguliwa tena 2021. Dawa yake yaanzia shambani: kutega mitego na kuzika maembe yaliyoanguka, badala ya kuyaacha yawe kitalu cha mabuu.

Mwaka wa 2017 serikali ya Kaunti ya Makueni ilizindua kiwanda huko Kalamba cha kusaga maembe kuwa rojo la kutengenezea sharubati. Faida ya kiwanda ni kwamba rojo huweza kungoja mnunuzi, jambo ambalo embe bichi haliwezi.

Ukitaka kuendelea hadi Kitui, shika barabara ya Kibwezi, uvuke mto Athi, upite Ikutha na Mutomo. Njiani usikose pia asali na ndengu, ambazo Kitui inasifika kwazo.

Msomaji mpendwa, ukienda na jamaa yako, beba kikapu na kisu. Waulize wenyeji majina, waache watoto waonje aina mbili tatu, kisha ununue kwa mwenye shamba mwenyewe. Shilingi unayomwachia pale haipitii mkononi mwa dalali.