Meza ya Shilingi, Meza ya Dola

Mdogo wangu amefika Dar es Salaam kutoka Keshero, mtaa wa mji wetu wa Goma, Kongo, kufuatilia kontena lake bandarini. Nyumba ya wageni aliyofikia, Kariakoo, ilimpa karatasi yenye orodha ya mahali pa kula mjini. Pote palikuwa Masaki na Oysterbay, penye vitambaa vyeupe na mandhari ya bahari, ambako sahani moja ya samaki inameza fedha ambayo mpagazi wa Kariakoo angelia chakula cha mchana wiki nzima. Aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza: "Yaya, na batu ya hapa banakulaka wapi?"

Swali lake lilinipendeza. Karatasi ile ilinikera, na bado inanikera.

Sisi wa Goma tunazijua orodha za namna hiyo. Kwetu pia mgeni huelekezwa kando ya Ziwa Kivu, kwenye geti lenye mlinzi, ambako bei imeandikwa kwa dola. Anakula, anapiga picha machweo, anaondoka akiamini ameiona Goma. Sitaki mtu wa Keshero aondoke Dar es Salaam na imani kama hiyo, kwa sababu mji huu una jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko majengo yake marefu: mtu wa kipato cha kawaida anakula nje kila siku, kwa fedha ya nchi yake, mchana na usiku, na hakuna anayemfanya ajione mgeni mjini kwake. Mji wenye watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022 haungeweza kulishwa na mahoteli ya Masaki. Unalishwa na mabenchi.

Nianze na Feri, soko la samaki pale Kivukoni, karibu na kivuko cha kwenda Kigamboni. Asubuhi samaki wananadiwa kwa sauti, wengine bado wanang'aa maji ya bahari. Ukishanunua changu wako, unampa anayepara magamba, kisha unampelekea mkaangaji mwenye karai kubwa juu ya moto mkali, naye anakukaangia kwa malipo madogo. Ugali na kachumbari vipo palepale. Ikulu ya Magogoni iko mwendo mfupi kwa miguu, na bado kwenye benchi lile baharia, karani na mchuuzi wanakula wamegusana mabega. Samaki unamchagua mwenyewe na mpishi unamwona. Anayetaka kula samaki Dar es Salaam aanzie hapo.

Jioni ikiingia, nenda Kisutu na mtaa wa Libya. Moshi wa kuku na mishikaki unatanda barabarani, meza zinatolewa nje hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu. Familia za Upanga zinakaa jirani na madereva wa bajaji, na kila mmoja anachovya kwenye ukwaju uleule. Ukitaka kitu chepesi, mtafute muuza pweza mtaani, Magomeni au Temeke. Amesimama nyuma ya kimeza chake, supu inachemka, vipande unavidunga kwa kijiti na kuvichovya kwenye pilipili. Jumapili nenda Coco Beach, ule mihogo ya kukaanga na dafu, miguu ikiwa kwenye mchanga. Na ukirudi usiku wa manane na njaa, chini ya taa ya mtaani yupo kijana wa chipsi mayai ambaye hajafunga.

Lakini nguzo ya kula nje hapa ni mama lishe. Anawasha mkaa kabla ya adhana ya alfajiri. Asubuhi ana chai, chapati, vitumbua na supu. Mchana ana wali na ugali, maharage, tembele, dagaa, kibua wa kukaanga, nyama ya mchuzi, na pembeni ya sahani kipande cha tikiti au ndizi mbivu. Anakunawisha mikono kwa jagi la maji. Ana daftari la madeni, anajua nani analipwa Ijumaa na nani husubiri mwisho wa mwezi. Mafundi wa ujenzi, wauza nguo, walinzi na mabwana wa ofisini wanakaa benchi moja, na wa ofisini hapewi kipande kikubwa zaidi kwa sababu ya tai yake.

Nilimpeleka mdogo wangu kwa mama lishe wa mtaa wetu. Alipofungua mdomo tu, mama akamuuliza, "Mdogo wangu, wewe ni wa Kigoma?" kama wanavyotuuliza sote. "Hapana mama, niko mutu ya Goma." Akaongezewa kisamvu bila kuomba. Kisamvu cha nazi na karanga, hakuna hata tone la mawese! Mtoto wa Keshero aliyekulia sombe, kisamvu chetu chekundu kwa mawese, alikitazama kwanza kwa mashaka, akala, akamaliza, akaomba tena.

Nasema haya nikizijua kasoro za hapa. Mafuta ya chipsi hurudiwa mpaka yanakuwa meusi. Chai ya asubuhi ina sukari ya kuumiza meno. Mama lishe wengi hawana maji ya bomba wala choo cha karibu, na kipindupindu kilipolipuka jijini Agosti 2015, wauza chakula wa mitaani walikuwa miongoni mwa walioambiwa wafunge. Mwishoni mwa 2021 wafanyabiashara ndogondogo waliondolewa kando ya barabara nyingi za jiji, na akina mama wa sufuria wakaondoka nao, wakianza upya mahali ambako wateja wao hawapiti. Mji unaolishwa na wanawake hawa ungepaswa kuwapa maji safi, paa na eneo la uhakika kabla ya kuwafukuza. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona nyumba ngapi zinasomesha watoto kwa sufuria hizo.

Sasa Keshero. Asije mtu kuniambia kwamba kwetu hakuna chakula. Sambaza, samaki wetu wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, wanafika sokoni alfajiri wakiwa wabichi kabisa. Maharagwe ya Masisi na Rutshuru, viazi na kabichi za Kibumba, jibini ya Masisi ile ya duara, makemba, lengalenga, mbuzi wa brosheti anayechomwa kwa moto wa makaa mbele ya macho yako. Udongo wa volkeno unatoa vitu ambavyo Dar es Salaam huvipata kwa lori la siku nzima. Kwa chakula chenyewe, Goma inaushinda mji huu, na sitabishana na mtu kuhusu hilo.

Kinachoshindwa ni meza. Kuta zimefuatana kando ya ziwa, na ziwa la wote limekuwa mandhari ya wachache. Ndani ya kuta bei ni dola, tena dola isiyo na mkunjo. Noti ikipasuka kidogo pembeni inakataliwa. Nje ya kuta, muuza sambaza na muuza brosheti wanafungasha giza linapoanza. Hiyo ndiyo Goma ya kula nje: mezani wageni, barabarani watu wanaoharakisha kufika nyumbani.

Hali hii haikutokea kwa bahati tu. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma katika siku chache za Julai, na mashirika ya misaada yakaja nyuma yao. Baadaye wakaja askari wa Umoja wa Mataifa. Wengi walikuja kusaidia na walisaidia kweli. Lakini mishahara yao iliweka bei ya nyumba, ya mafuta na ya samaki, na mwenye mtaji wa Goma akajifunza kumpikia anayelipwa kwa dola. Miaka thelathini baadaye bado anampikia huyohuyo. Mwalimu wa mtaa wa Ndosho, ambaye mshahara wake hufika kwa kuchelewa au haufiki, hayumo kwenye hesabu za jikoni.

Kisha kuna usiku wenyewe. Huwezi kuwa na mahali pa kula jioni kama huna jioni. Mei 2021 Kivu Kaskazini, mkoa wetu, iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, tukaambiwa ni kwa ajili ya usalama, na watu wakaendelea kuuawa majumbani usiku. Februari 2024 mapigano yalikata barabara ya Sake kwenda Minova. Maharagwe, ndizi na mihogo vikalazimika kupita ziwani, na watu vilevile. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaa abiria na mizigo, ilizama ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku, pale Goma. Waliokuwa wamesimama ufukweni waliiona ikizama. Wengine mle ndani walikuwa akina mama wanaoleta chakula cha mji. Anayesema vita hivi ni vya madini tu aitazame sahani ya Goma: kila kilichomo kimepita kwenye kizuizi, kimetozwa kodi na mwenye bunduki, au kimevuka maji kwa hatari.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, noti zikaadimika. Ndugu zetu walikuwa na akiba benki na hawakuweza kununua unga. Na miezi ileile, Machi 2025, Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza kupanga na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Niliisoma habari hiyo huku nikijibu ujumbe wa nyumbani kuhusu dola zilizokataliwa kwa sababu ya mkunjo. Nchi moja ilikuwa inamrudishia mwananchi heshima ya shilingi yake. Mji wetu ulikuwa hauna hata noti ya kurudisha chenji.

Kwa hiyo mtu wa hapa anaponiambia kwa huruma, "Poleni, kwenu ni vita tu," namjibu kwamba kwetu ni sambaza pia, na ni viazi, na ni akina mama waliorudi sokoni siku chache baada ya risasi kunyamaza, maiti zikiwa bado zinazikwa. Lava imeteremka kuuelekea mji wangu mwaka 1977, 2002 na 2021, na kila mara sufuria zilirudi juu ya mawe meusi. Uhodari haujawahi kutupungukia. Tulichonyimwa ni amani, na pamoja nayo fedha inayoaminika, vile vitu viwili ambavyo mama lishe wa Dar es Salaam anavihesabu kuwa vya kawaida.

Nina neno pia kwa Wakongo wenzangu wa hapa. Tumeupa mji huu muziki kwa zaidi ya nusu karne. Wanamuziki wa bendi ya Maquis walitoka kwetu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuja mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na ingawa alifariki mwaka 2010, makondakta wa daladala bado wanaita "Sinza kwa Remmy" kana kwamba anawasubiri kituoni. Watu wa Dar es Salaam wamecheza kwa magitaa yetu harusi ngapi! Lakini waulize wamekula sombe ya mawese wapi, hawana jibu. Sehemu zetu za kula zipo chache, zimejificha uani, tunapikiana wenyewe kwa wenyewe.

Mali ipo. Mawese ya Kigoma yanauzwa Kariakoo. Dagaa wa Kigoma na sambaza wetu ni ndugu wa damu, kwani sambaza walipelekwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Unga wa muhogo upo, makemba yapo. Kinachotakiwa ni mtu wa kwetu mwenye mabenchi mawili, sufuria safi na bei ya shilingi ambayo fundi wa Kinondoni anaimudu. Asiende Masaki. Aweke sufuria mahali watu wanapopita, kama alivyofanya mama lishe wetu, na asipunguze mawese.

Na wenye migahawa ya Goma, hamhitaji kusubiri mkataba wa amani ili kuandika bei kwa franka. Toeni meza chache mbele ya ukuta. Anzeni na chakula cha mchana, kwa kuwa mchana bado ni wetu: sombe, maharagwe na sambaza, kwa bei ambayo mwalimu wa Ndosho na fundi wa Keshero wanaweza kuilipa bila kuuliza dola imepanda kiasi gani. Wageni huja na kuondoka kila mkataba wao ukiisha. Wateja wenu wa kudumu wanapita mbele ya mageti yenu kila siku.