Unga wa Tumbo Mlangoni mwa Msikiti

Tangu Ramadhani imalizike, ofisi ya msikiti wetu imepokea barua tatu za wafanyabiashara wanaoomba kunadi "unga wa tumbo" baada ya swala ya Ijumaa. Nikiwa katibu, ndimi ninayezijibu, na zote nimezijibu kwa kukataa. Waumini kadhaa wameniuliza sababu. Adabu ya msikiti ingetosha, kwani nyumba ya Mwenyezi Mungu si mnada. Lakini ipo sababu nyingine.

Kilichomo ndani ya kopo ni inulini, aina ya nyuzinyuzi ambayo aghalabu hutolewa katika mizizi ya mmea wa chikori. Tumbo haliwezi kuimeng'enya. Hufika utumbo mpana ikiwa nzima, ikawa chakula cha bakteria wema waishio humo, nao huichachusha na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Wataalamu Gibson na Roberfroid walikiita chakula cha namna hii pribiotiki mwaka 1995. Kwa hiyo sisemi kwamba unga wenyewe ni uongo.

Uongo umo katika tangazo. Barua mojawapo ilidai kuwa unga huo huponya vidonda vya tumbo, ilhali vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helikobakta pilori, au na dawa za maumivu zinazotumiwa kwa muda mrefu, na tiba yake huanza kwa kipimo. Mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza alikatiza dozi ya hospitali akanunua makopo mawili kwa fedha za mwanawe. Tumbo likajaa gesi. Muuzaji akamwambia, "Hiyo ni sumu inatoka, mzee wangu." Sumu gani? Ilikuwa inulini ikichachuka! Maumivu yalipozidi, mzee alirudi hospitali kuanza dozi upya.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Jikoni mwetu zimo katika kunde, mbaazi, maharage na ugali wa dona. Na inulini yenyewe imo katika vitunguu maji na vitunguu saumu. Asiyezoea aongeze kidogokidogo, na anywe maji.

Anayetaka kopo amuulize kwanza daktari, kisha asome lebo. Barua ya tatu ilihusu unga uliotiwa ndani ya kapsuli, na baadhi ya kapsuli hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Nimemwandikia mwenyewe kumuuliza yake imetengenezwa kwa nini. Jibu bado halijafika.