Wageni wa kompyuta ya nyumbani

Najua nimepotea karibu wiki tatu, wengine mkaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko! Nilikuwa likizo nyumbani Kamachumu, na nimerudi Mlimani siku nne nyuma ya ratiba kwa sababu ya kompyuta. Kaeni niwasimulie.

Kwa wasiokujua kwetu: ukitoka Bukoba kwenda Muleba, pale Muhutwe unaiacha barabara kubwa unapanda juu. Huko ni migomba, kahawa na baridi, na mvua ikinusa tu umeme unaaga. Hilo la umeme mlishike, lina kazi mbele.

Mwaka jana Tata alinunua kompyuta ya mezani, mkono wa pili. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, fizikia anajisomea mwenyewe kwa sababu mwalimu alihama na hajaja mwingine. Akaniomba nimshushie Wikipedia ya kusoma bila intaneti, ile inayotolewa na Kiwix, ambayo unaweza kuichukua nzima au ya somo moja tu. Mafaili yenyewe ni makubwa. Intaneti ya nyumbani ni simu ya mama ikiwekwa hotspoti, na bando la GB 10 mama alikuwa amelinunua kwa hela ya maharage.

Siku ya kwanza nikashusha kwa kivinjari kama kawaida. Imefika zaidi ya nusu, umeme pu! Uliporudi, inaanza sifuri. Nikasema hapana, hapa inatakiwa programu ya kushirikishana mafaili, ile ya kompyuta kwa kompyuta.

Kaka yuko Mwanza, nikampigia anishauri. Alimaliza chuo 2009, anajiona mzee wa mambo haya. "Weka LimeWire, mdogo wangu." Kaka! LimeWire ilifungwa kwa amri ya mahakama ya Marekani mwaka 2010. Jina limefufuliwa mwaka 2022 na watu wengine kwa biashara nyingine kabisa. Akataja Kazaa, nayo marehemu, ingawa walioianzisha ndio walioleta Skype mwaka 2003. Napster ya 1999, iliyowafungulia wote njia, ilizimwa 2001. Ukweli ni kwamba zile programu za zama za kaka zilikuwa kama gulio: unaokota faili kwa jina tu, ukifungua ndani ni kirusi.

Kwa hiyo nikabaki kwenye torenti. Hii aliibuni Bram Cohen, Mmarekani, mwaka 2001. Faili linakatwa vipande vidogo, na kila kipande kina alama yake ya kihesabu. Hiki unakipokea kwa mtu wa Brazili, kile kwa mtu wa Poland. Kikifika kimeharibika, hesabu zinakataa, kinaombwa upya. Umeme ukikatika, ukirudi programu inakagua vilivyopo na kuendelea na vilivyobaki. Nikaona mbona kitu hiki kama kilitengenezwa Kamachumu.

Kuchagua programu ya kuendeshea torenti hakukunichukua muda. Ya kwanza niliyojaribu, maarufu sana (jina naliweka mfukoni), ilikuja na matangazo na ikataka kunisimikia vitu ambavyo sikuviomba. Nikaing'oa. Nikaweka qBittorrent, ya bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Najua kwenye torenti unapopokea, na wewe unatoa. Nikatafuta sehemu ya kasi ya kupandisha, nikaandika 0, nikalala nikijua mlango nimeufunga. Kumbe pale 0 maana yake haina kikomo!

Asubuhi bando hakuna. Tumepokea GB 3, tumetoa karibu GB 7 usiku kucha kwa watu tusiowajua. Faili la fizikia lilikuwa limeingia zima tangu jioni, hilo nashukuru. Lakini masomo ya video ambayo mdogo wangu alikuwa ayaangalie mwezi mzima ndiyo yalikuwa yabebwe na hilo bando. Mama hakusema neno, akachukua jembe akatoka. Afadhali angegomba.

Tata yeye alicheka. "Nshomile wa Mlimani!" Kisha akavuta kiti, akataka nimweleze zile namba za kwenye kioo ni za nini. Nikamwambia hao ni watu wanaochukua vipande kwetu. "Kumbe wageni," akasema. Akafikiri. "Mgeni unampa akamwani kiganjani, anatafuna. Humpi gunia."

Hapo ndipo nilipoielewa programu kuliko nilivyoielewa kwa kusoma. Kuibana kabisa si vizuri, maana mpango wa Cohen ni kwamba anayetoa ndiye anayepewa haraka. Nikaweka KB 10 kwa sekunde, na ikishatoa robo ya ilichopokea isimame yenyewe. Nikamega nauli yangu ya kurudia kununua bando jingine, nikasubiri siku nne kaka anitumie ya kujazia. Ndiyo huko nilikokuwa.

Tata akataka na nyimbo za Saida Karoli. Nikakataa. Yule ni wa Kagera yetu hiyohiyo, kuimba ndiyo kazi yake, na kwenye torenti anwani ya mtandao wako inaonekana na kila unayebadilishana naye, wakati tuna sheria ya hakimiliki tangu 1999 na ya makosa ya mtandao tangu 2015. Alininunia hadi chakula cha usiku.

Nikamtuliza kwa Syncthing. Hii haikupeleki kwa wageni, inaunganisha vifaa vyenu wenyewe tu, na vikiwa kwenye hotspoti moja hupeana mafaili moja kwa moja bila kula bando. Rekodi za bibi akisimulia hadithi kwa Kihaya, zilizokuwa kwenye simu ya Tata tu, sasa ziko na kwenye kompyuta. Simu ile imeshawahi kudondoka kwenye pipa la maji, kwa hiyo hili lilikuwa la haraka kuliko fizikia, ila hakuna aliyekuwa ameliwaza.

Jana mdogo wangu kanitumia ujumbe. Faili la fizikia amelinakili kwenye flashi, linazunguka darasani kwao, na flashi yenyewe hajui iko kwa nani. Na Tata kila jioni anapita kwenye kioo kuuliza leo wageni wangapi.