Elfu Mbili za Mama

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mamangu, tena barazani.

Ndugu msomaji, mama hakuolewa. Huuza ndizi sokoni Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana, na hutulea watatu: mimi na watoto wawili wa marehemu dadake. Kwa ajili ya hao wawili jina lake lilipelekwa kwenye mpango wa serikali wa kusaidia mayatima, ule ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2004. Zilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo zililipwa kila baada ya miezi miwili, zikikumbuka kuja.

Kabla ya hapo majina husomwa barazani ili wanakijiji waseme nani anafaa. Lake liliposomwa, mzee mmoja alisimama akauliza, "Huyu naye ni mjane wa nani?" Watu wakaangua kicheko. Nyuma yangu mtu akanong'ona eti siku hizi serikali inalipa wasichana wazalie nyumbani. Mama aliinuka polepole, akafungua leso, akatoa cheti cha kifo cha dadake na kumkabidhi karani bila neno.

Na mimi je? Nilikuwa chini ya mkaratusi na wenzangu wa shule. Mmoja akaniuliza, "Wee, si yule ni mamako?" Nikamjibu kwamba ni jirani tu.

Pesa zilipokuja alinunua unga na sare za wale watoto. Mia mbili zilizobaki akanipa mimi, nauli ya kurudi shuleni. Nilizipokea. Bado sijamwambia nilichosema chini ya mkaratusi ule.