Bukavu: Mashini ya CNC inafuata kilichoandikwa, haijui kilichokusudiwa

Katika ateliye nyingi za Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Ibanda na Bagira, kazi ya mbao na chuma bado inategemea mkono, rula na jicho la fundi. Lakini wapo vijana wanaotamani kujifunza pia mashini ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ile inayoitwa CNC. Mashini hiyo ina kisu kinachozunguka kwa kasi, na kompyuta ndiyo inayokipeleka kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Inaweza kuchonga maua kwenye mlango wa libuyu, kukata herufi za kibao cha duka, au kutengeneza puli ya kinu cha kusaga unga.

Kinachowaogopesha wengi ni bei ya kukosea. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Kisu kikivunjika, kupata kingine si jambo la kuvuka barabara tu. Na familia iliyohama makwao kwa sababu ya vita, inayolala kwa ndugu na kumlipia mtoto masomo ya ufundi, haiwezi kulipa mara mbili kwa sababu ya kipande kimoja cha aluminiamu kilichoharibika. Habari njema ni kwamba makosa ya anayeanza si mengi. Yanajirudia yaleyale, na karibu yote yanatokea kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza.

Mashini ya kwanza ya aina hii ilionyeshwa kwa watu mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani. Ilisoma amri kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Leo utepe umekuwa faili, lakini tabia haijabadilika. Amri G0 inasema: nenda upesi bila kukata. Amri G1 inasema: nenda kwa mwendo huu ukikata. Mashini inatii. Haioni kama ubao umehama, na haijui kama kisu kimebadilishwa.

Kosa la kwanza ni sifuri. Kabla ya kukata, fundi anaionyesha mashini mahali kazi inapoanzia: kona ya ubao, na uso wake wa juu. Wengi hushusha kisu polepole juu ya kipande cha karatasi ya kawaida, wakikivuta huku na huku mpaka kianze kukwama. Hapo kisu kimebaki na unene wa karatasi tu, karibu milimita 0.1. Anayeanza anafanya hivyo vizuri mara ya kwanza, kisha anabadilisha kisu na kusahau kupima tena. Kisu kipya kikiwa kirefu zaidi kwa milimita 8, kitazama milimita 8 zaidi kwenye ubao, au kwenye meza ya mashini. Kanuni ni fupi: kisu kipya, sifuri mpya.

Kosa la pili ni vipimo. Inchi moja ni milimita 25.4. Mchoro wa milimita ukisomwa kama inchi, mstari wa milimita 10 unakuwa wa milimita 254, na mashini itakwenda kugonga mwisho wa reli zake. Amri G21 inaiambia mashini itumie milimita, na G20 inchi, kwa hiyo mwanafunzi aitafute mwanzoni mwa faili kila mara. Kuna pia upana wa kisu chenyewe. Kisu cha milimita 6 kikipita katikati ya mstari wa mchoro, kinakula milimita 3 kila upande. Tundu la milimita 40 litatoka na 46, na kipande cha milimita 40 kitatoka na 34. Programu lazima iambiwe kama kisu kipite ndani ya mstari au nje yake.

Kosa la tatu ni kushika kazi vibaya. Ubao usiobanwa sawasawa unatetemeka, unainuka, halafu unaruka. Ukibanwa kwa skrubu, fundi ajue kila skrubu iko wapi, kwa sababu ile amri ya kwenda upesi itapitisha kisu juu yake. Kama urefu wa kupitia umewekwa mdogo, kisu kitakutana na chuma na kuvunjika. Miwani ya kulinda macho ivaliwe wakati wote. Glavu zivuliwe, na mikono mirefu ya shati, nywele na ncha za kitenge vifungwe, maana kisu kinachozunguka kikishika kitambaa kinavuta na mkono.

Kosa la nne linatokana na woga. Mwanafunzi anaona heri kisu kiende polepole sana, asiharibu. Lakini kisu kinachozunguka kwa kasi bila kusonga mbele hakikati, kinasugua. Mbao inakuwa nyeusi na kutoa harufu ya moshi, na aluminiamu inaganda kwenye meno. Hesabu inasaidia: zidisha mizunguko kwa dakika, idadi ya meno, na unene ambao kila jino linakata. Mizunguko 10,000, meno 2, na milimita 0.05 kwa kila jino inatoa mwendo wa milimita 1,000 kwa dakika. Ukiona mashini inalia au kutetemeka, punguza kwanza kina cha kukata. Kisha tazama kinachotoka: maranda yanayoonekana ni dalili nzuri, vumbi laini lenye joto ni onyo.

Hapa Bukavu kuna tatizo la tano ambalo vitabu vya nje havilizungumzii sana, nalo ni delestaji. Umeme wa mji unatoka hasa mto Ruzizi, kwenye mitambo ya Ruzizi I na Ruzizi II, huu wa pili ukifanya kazi tangu 1989 na kugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashini ndogo nyingi zinasahau zilipokuwa. Jambo la kwanza ni kuzima swichi kubwa, ili umeme ukirudi kwa nguvu usiichome mashini wala kuzungusha kisu mkono ukiwa karibu. Kisha kisu kiinuliwe kwa mkono, na ubao usiguswe kabisa. Umeme ukirudi, sifuri inatafutwa upya kwenye alama ileile, kwa hiyo alama hiyo isiwe sehemu itakayokatwa. Na kazi ya saa mbili ni bora igawanywe katika faili nne. Ukipoteza, unapoteza nusu saa.

Asiye na mashini pia anaweza kuanza. FreeCAD ni programu ya bure ya kuchora na kuandaa amri, na CAMotics inaonyesha kwenye kompyuta jinsi kisu kitakavyokata. Zikishapakuliwa, zinafanya kazi bila intaneti. Kwenye mashini yenyewe, mazoezi ya kwanza yafanywe hewani: sifuri inawekwa juu zaidi ya ubao, na kisu kinapita bila kugusa kitu. Wengine hufunga biki mahali pa kisu na kuchora kwanza kwenye karatasi. Kosa la karatasi halimnyimi mtu chakula.

Jirani kuna mfano wa kufikiria. Mwaka 1986 Kenya ilianza mradi wa gari la Nyayo Pioneer, na magari yakaonyeshwa mwaka 1990. Gari hilo halikufika sokoni, lakini mradi ulizaa karakana ya Numerical Machining Complex jijini Nairobi, yenye mashini za namna hii. Gari lilikwama, ufundi wa kukata vyuma ukabaki.

Kwa mzazi anayetaka kumwandikisha mtoto, maswali matatu yatangulie pesa. Mashini ipo na inafanya kazi? Kila mwanafunzi ataigusa kwa saa ngapi? Na nani analipia kisu kikivunjika? Majibu yakiwa wazi, pesa inaweza kutoka. Kwa familia ambazo zimekimbia mara mbili au tatu, ateliye na vyombo vinaweza kubaki nyuma au kuporwa. Anayejua kuweka sifuri, kusoma amri na kusikiliza mlio wa kisu anaondoka na hayo yote kichwani, na popote atakapokuta mashini anaweza kuanza kazi.