Unyevu wa Ndani ya Dramu



Ndugu zangu katika imani, darsa la leo halina kitabu. Lina Corolla ya mwaka 1996, na jambo ambalo nimelificha tangu Shaabani.

Gari lenyewe wengi mnalijua, wengine mmeshalisukuma. Asubuhi moja niliona tairi la nyuma kushoto limelowa kwa upande wa ndani. Kufungua boneti, mafuta ya breki yameshuka chini ya alama. Fundi akaniambia silinda ya gurudumu inavuja: raba zake zimekwisha, mafuta yanatoka na kulowesha brekishuu. Dawa ni silinda mpya na brekishuu mpya. Nikamwambia sina pesa hiyo kwa sasa. "Shehe, njia ipo. Tunaiziba paipu ya gurudumu hilo, unabaki na breki tatu." Madereva wa magari ya zamani mnaijua njia hiyo. Nikasema, Bismillah, ziba. Tazameni ni wapi nilipolitaja jina la Allah.

Breki zikashika, mafuta hayakushuka tena, nami nikasahau. Hapana, sikusahau. Nilijiambia mwisho wa mwezi nitatengeneza, na mwisho wa mwezi ukaja mara tatu.

Shaabani ikaingia, nikawapeleka wanafunzi wanne wa madrasa Lushoto kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Kupanda hakukuwa na shida. Wakati wa kurudi, tumeshaipita Soni tunateremkia Mombo, na mnaoijua barabara ile mnajua kona zake na lile bonde. Mbele yetu ikatokea pikipiki imebeba ndizi, imetanua njia yote. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gurudumu la nyuma kulia likafunga, la kushoto likaendelea kuzunguka kama halikuambiwa kitu, na gari likageuka mkia. Tulisimama limekaa upande upande, bonde nikiliona kwenye kioo cha pembeni. Mtoto mmoja alicheka, alidhani ni mchezo. Mwenzake alikuwa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti.

"Ustadh, kuna nini?"

Nikamjibu, barabara ina mchanga.

Barabara haikuwa na mchanga. Na jioni ile wazazi wakanishika mkono mmoja mmoja, wakanishukuru kwa kuwarudisha watoto wao salama.

Najua wengi mtanikumbusha hadithi ya ngamia, afungwe kwanza ndipo mtu amtegemee Allah. Nimeisomesha miaka. Lakini yule mtu aliuliza kuhusu ngamia wake mwenyewe. Usiku ule mimi iliniumiza nyingine, iliyopokewa na Imam Muslim: Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wasallam) alipita penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake humo, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Juu pakavu, ndani kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mimi nikasema ni mchanga.

Asubuhi nikakopa pesa, nikaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima. Dramu ilikuwa imegoma kwa kutu. Hakuipiga nyundo. Aliachia hendibreki, akaingiza bolti mbili kwenye matundu mawili yaliyoko usoni mwa dramu, akawa anakaza hii kidogo na ile kidogo, dramu ikajisukuma yenyewe nje. Ndani brekishuu zilikuwa nyeusi, zimelowa, vumbi limekuwa tope. Nikamuuliza kama zinaweza kuoshwa kwa petroli zikarudi kazini. Akatikisa kichwa: zikishanywa mafuta haziaminiki tena. Akaniambia pia upande wa kulia nao ubadilishwe japo ulikuwa mzima, maana ukiweka mpya upande mmoja tu gari litakuwa linavuta ukifunga breki. Paipu iliyozibwa tukaitupa, tukaweka nyingine.

Kutoa upepo tulifanya wawili. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Hakuniruhusu kuachia pedali kabla hajafunga nati, maana hapo upepo ungeingia upya. Mwanzo yalitoka mapovu na mafuta ya rangi ya chai ya rangi, mpaka yakatoka safi. Kila mara alirudi mbele kuongeza mafuta mapya, DOT 3 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko, kikopo kisikauke. Akarekebisha brekishuu mpaka dramu ikawa inazunguka huku inakwaruza kidogo. Tukalijaribu gari polepole kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani. Gharama yote, wallahi, ilikuwa chini ya kanzu niliyoshona kwa ajili ya mashindano yale.

Ramadhani ikaingia na kutoka sijamwambia mtu. Toba nilileta, lakini hii ilikuwa na haki za watu ndani yake, na watu wenyewe hawajui. Wiki hii ndiyo nimewapigia simu wazazi wote wanne. Watatu walisema Allah akusamehe ustadh, haraka haraka, kama watu wanaonionea haya. Wa nne, mama mmoja, alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ustadh, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Mwanawe hajaacha madrasa. Ila sasa mama anamleta mwenyewe kwa miguu, na ikifika saa ya kutoka ninamkuta ameshafika, amesimama nje ya lango.