Terekeza, mbigili na dumu la mia tano

Najua nimepotea. Siumwi, wala sijadisko. Nilikuwa porini na baiskeli. Pua imechunika kwa jua, mapaja yanauma hata kupanda ngazi za hosteli ni kasheshe, na kuna jambo limenikaa kooni ambalo nisipoliandika sitapata usingizi. Basi vuteni viti.

Chanzo ni mshikaji wangu wa chumba, anayesoma Elimu kama mimi ila masomo yake ni Jiografia na Historia. Hapa nitamwita Kapteni, kwa sababu anapenda kuongoza hata njia asiyoijua. Kapteni amewahi kuwaona wazungu wanaopita Dodoma na baiskeli zilizofungwa mizigo kila upande. Kuna msafara unaitwa Tour d'Afrique, ulianza 2003, watu wanaendesha kutoka Cairo mpaka Cape Town, kilomita zaidi ya 10,000, na umewahi kushuka kwa njia ya Babati, Kondoa na Dodoma. Kapteni akaniambia, "Mwana, hawa wanatoka Misri. Sisi tunaishi hapa UDOM miaka mitatu na hatujui hata kilichopo nyuma ya vilima vya Mvumi."

Hilo likanichoma. Boom lilipoingia tulinunua baiskeli mbili za gia za mtumba, tukampelekea fundi akabadilisha minyororo na breki, tukasubiri likizo.

Njia aliichagua Kapteni. Si lami. Alitaka tupite njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Ukishavuka Mpwapwa ukaelekea magharibi unafika Chunyu, halafu mbele yako ni nyika kavu inayotenganisha Mpwapwa na Ugogo. Misafara iliiita Marenga Mkali. Mimi wa Kiswahili nikadhani ni malenga wa mashairi, hehehe! Kumbe malenga kwa Kigogo ni maji. Maji makali, maji ya chumvi. Burton na Speke walipita huko 1857, Stanley akapita Mei 1871 akimtafuta Livingstone. Hao ndio walioandika vitabu, lakini waliobeba mizigo walikuwa Wanyamwezi na Waswahili, maelfu kwa maelfu, mwaka hadi mwaka, wengine na pembe za ndovu mabegani, wengine na minyororo shingoni.

Wale watu walikuwa na mbinu yao. Waliita terekeza. Mahali pasipo na maji hamwondoki alfajiri kama kawaida. Mnakula, mnakunywa mpaka mnashiba, mnajaza vibuyu, halafu mnaondoka jua likishapinda. Mnatembea hadi usiku, mnalala pakavu, na kabla ya jua kuchomoza mko njiani tena. Kwa hiyo mnavuka jangwa kwa sehemu mbili za siku mbili bila kuonja jua la saa sita katikati. Nikasema hawa mabwana hawakuwa na simu wala ramani ya satelaiti, ila akili walikuwa nayo.

Tukapakia baiskeli juu ya basi mpaka Mpwapwa. Kesho yake tulikula ugali wa haja, tukajaza lita 10 kila mmoja, na saa tisa alasiri tukaondoka.

Jamani, Septemba ya Dodoma mnaijua. Mvua huku ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na kwa wastani haifiki hata milimita 600 kwa mwaka. Ikifika Septemba nchi yote imekuwa rangi ya gunia. Mibuyu haina jani. Njia ni mchanga, na mchanga ukiwa mwingi baiskeli haiendeshwi, inasukumwa. Kila baada ya muda unakuta korongo, mto ambao masika ungekuchukua wewe na baiskeli yako, na sasa ni mchanga mtupu. Unashuka, unasukuma, unapanda, unashuka tena. Masaa matatu ya kwanza hatukufikisha hata kilomita 20.

Halafu mbigili! Kile kimti kinachotambaa chini, mbegu zake zina miiba upande wowote utakaozitupa. Tulipigwa pancha nne kabla ya giza. Kapteni alikuwa anaziba, mimi namulika na tochi ya simu, tukaanza kununiana kimya kimya kama wanandoa.

Usiku tulilala chini ya mbuyu, upepo baridi, fisi wanalia mbali. Wakati nakaribia kusinzia nikaona mstari wa taa unapita upande wa reli, haraka, bila kelele. Treni ya umeme, hii iliyoanza kufika Dodoma 2024. Ndani kuna watu wanakunywa soda baridi. Marenga Mkali nzima wanaivuka kabla chupa haijaisha. Kapteni akasema, "Sisi ni wajinga." Sikumbishia.

Asubuhi ndiyo tuliharibu. Badala ya kuondoka alfajiri kama terekeza inavyotaka, tulilala mpaka jua likatupiga usoni. Kisha Kapteni akachagua njia ya ng'ombe akidhani ni njia ya watu. Njia za ng'ombe ndugu zangu zinaanza moja, zinakuwa tatu, zinakuwa saba, halafu zinaisha kwenye kichaka. Saa tano hatukujua tuliko. Simu hazina mtandao. Maji yamebaki lita moja na nusu kwa watu wawili. Tairi langu la nyuma limeisha pumzi tena. Nikakaa chini, mdomo umekauka mpaka ulimi unagota, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikayaogopa maji. Yaani nilikuwa nayaangalia yale kwenye chupa naogopa kuyanywa.

Ndipo tukasikia mnyororo unalia. Kijana anakuja kutoka kwenye korongo, hajapanda, anasukuma. Baiskeli ya zamani nyeusi, na juu ya keria na ubavuni amefunga madumu manne ya lita 20. Hesabu mwenyewe: kilo 80 za maji kwenye mchanga. Tairi la mbele lilikuwa limefungwafungwa kwa vipande vya mpira kama mguu wenye bandeji. Akasimama. Akanitazama. Akasema:

"Shikamoo, mwalimu."

Wadau, nikaishiwa nguvu. Nilimjua.

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upande ule, sitaitaja. Nilipangiwa Kiswahili kidato cha pili. Huyu kijana alikuwa kwenye darasa langu na alichelewa kila siku ya Mungu. Nami nilikuwa nimefika na moto wa chuo, nataka nidhamu, nataka mkaguzi wangu akija aone darasa limejaa saa moja na nusu. Nilipokuwa mwalimu wa zamu nilimpa adhabu. Mnajua niliyompa? Kuchota ndoo sita za maji na kumwagilia maua ya mbele ya ofisi. Akarudia kuchelewa, nikarudia adhabu. Mwishoni nikamwandikisha barua ya kujieleza, na kwenye daftari la zamu nikaandika kwa mkono wangu: mtoro sugu.

"Marahaba," nikajibu. Sauti haikutoka vizuri.

Hakuuliza tunafanya nini pale. Alilaza baiskeli kwenye mti, akafungua dumu moja, akatumiminia. Maji yalikuwa ya vuguvugu yenye ladha ya chumvi kidogo, na sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Alipoona tumepumua akatuonyesha alikoyatoa. Katikati ya korongo kuna shimo refu kuliko mtu, limezungushiwa matawi ya miiba ng'ombe wasiingie. Unashuka, unakaa chini, unasubiri maji yachuje kupitia mchanga, unakomba kwa kopo. Dumu moja linachukua muda mrefu. Anaondoka nyumbani saa kumi usiku ili awahi zamu, maana akichelewa anakuta wengine wameshapanga foleni. Madumu mawili ni ya nyumbani, bibi yake haoni vizuri na wadogo zake bado wadogo. Mawili anauza.

Nikamwuliza lile swali la kijinga ambalo bila shaka nanyi mngeuliza. Kwa nini hukuniambia?

Akanitazama kama vile ananionea huruma. "Nilikuandikia, mwalimu. Kwenye ile barua. Ukaisahihisha."

Nikaikumbuka. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu. Nilizungushia "maji yanatoka mbali hayajai haraka", nikaandika pembeni "sentensi mbili hizi, weka kiunganishi". Nilirekebisha ngeli, nilirekebisha herufi kubwa, nikampa 11 kwa 20 na kumrudishia. Kila neno nililisoma. Alichosema sikukisoma.

"Na sasa upo kidato cha tatu?" Kapteni akauliza, hajui kitu masikini.

"Hapana. Siku hizi sichelewi tena," akasema, akacheka kidogo. Mtihani wa kidato cha pili hakuufanya. Aliacha Oktoba, mimi nikiwa nimesharudi chuoni kuandika ripoti ya mazoezi yangu. Nilipata A, wadau. A.

Tulipotaka kuondoka nikatoa noti ya elfu tano. Akaikataa. "Dumu ni mia tano. Mmekunywa nusu." Akapokea mia mbili na hamsini, akazihesabu, akaweka mfukoni. Ila macho yake yalikuwa kwenye kimkoba chetu cha vifaa, basi Kapteni akamwuliza anahitaji nini. Akasema viraka na solusheni kama vipo vya ziada. Tukaziba tairi langu kwanza, halafu tukampa kopo lote la viraka, solusheni na pampu moja. Hivyo alivipokea kwa mikono miwili.

Njiani kuelekea Mvumi, Kapteni akaanza somo la historia. Alisema watemi wa Ugogo walitoza misafara hongo: vitambaa, shanga na nyaya. Leo hongo tunajua ni rushwa, lakini wakati ule ilikuwa malipo ya kupita na kunywa. Wasafiri wa Ulaya waliijaza vitabu vyao malalamiko, kwamba Wagogo ni wachoyo, wanauza mpaka maji. Na sisi tumeyasoma malalamiko hayo mpaka tukayaamini. Hakuna aliyeuliza yale maji yalitoka wapi, nani alishuka kwenye shimo, nani alisubiri yachuje. Msafara wa mamia ya watu na punda ukinywa siku moja, kijiji kinakunywa nini kesho yake? Nikamwambia, mwana, basi sisi tumelipa hongo yetu kwa viraka. Akasema hapana, wewe bado unadaiwa.

Mvumi tulifika jioni, tukalala kwa mama mmoja aliyetupikia ugali wa uwele na mlenda, tukamwamkia na "mbukwenyi" yetu ya kuungaunga akacheka mpaka machozi. Kesho yake tukasukuma kama kilomita 40 mpaka Dodoma. Nikiviona vilima vya UDOM nilitamani kulia, na si kwa uchovu tu.

Juzi nilimpigia simu mkuu wa ile shule. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali iliruhusu walioacha shule warudi kwenye mfumo rasmi, kwa hiyo mlango upo. Mkuu ni mtu mwema, akasema aje Januari na mzazi au mlezi, ataanza tena kidato cha pili. Nikamwomba lingine: aruhusiwe kuingia saa mbili na nusu siku za zamu ya maji. Hapo akanyamaza, halafu akasema, "Mwalimu, nikimruhusu mmoja, kesho watakuja 30." Nikamjibu huenda hao 30 nao wanatoka korongoni. Akasema tutaongea.

Kijana hana simu, na bibi yake hawezi kusoma barua. Kwa hiyo Januari nitarudi mwenyewe. Mvua itakuwa imeanza na makorongo yatakuwa na maji, Kapteni anasema njia ile haitapitika kwa baiskeli. Nitapanda basi mpaka Mpwapwa na kutembea kilichobaki. Na ile barua nitamwomba kama bado anayo, niisome tena bila kalamu.

Nawe unayekwenda mazoezi ya kufundisha, kabla ya kuandika mtoro sugu kwenye daftari la zamu, mfuate huyo mtoro siku moja asubuhi. Beba maji yako lakini.

Kwa leo naishia hapa. Tuombeane uzima.